Middelburg na pwani ya Zeeland: kama uko Ubelgiji kwa familia, ufike kule

Niseme neno lenyewe mapema: kama umepata viza ya Schengen na umefika Ubelgiji kwa familia, usikimbilie tu Paris na Amsterdam kama wote wanafanyaka. Panda treni uende Middelburg, mu jimbo la Zeeland, kusini-magharibi ya Uholanzi, na kutoka pale ushuke ku bahari. Mimi nilitembea kule na mama mudogo wangu mwenye anaishi Antwerpen, tukapanga chumba mu mji, tukazunguka na treni, na basi, na kinga, siku ingine na gari ya rafiki yake, na ile safari njo naweka mbele ya zote zenye nilifanya Bulaya. Sisi watu wa Bukavu tunaishi na mayi mbele ya macho, ziwa tunaiona toka Nguba mpaka Muhumba, tunajua uzuri yake, na tunajua tena mvua inafanyaka nini ikizidi. Kule nimekuta watu wenye mayi iliwaua usiku moja, na nimeona kwa macho leta yao ilijibu nini.

Njia kwanza, juu wengi wananiuliza. Antwerpen kuna treni ya Ubelgiji yenye inakufikisha Roosendaal, upande wa Uholanzi, pale unabadilisha, unapanda ile yenye inaenda Vlissingen. Middelburg iko karibu na mwisho wa reli, na Vlissingen njo mwisho wenyewe. Hakuna jeton ya kuvuka, hakuna kupanga mustari kama ku mupaka ya Ruzizi, unavuka inchi na hata hauone. Lakini paspoti ikae mu sakoshi yako, juu polisi anaweza kupanda akaomba. Mu treni za Uholanzi unaweza kulipa na karte ya benki: unaigusisha ku kamashini wakati wa kuingia na tena wakati wa kutoka, ukipita bila kugusisha ya kutoka wanakukata feza ya ziada. Kwa dirisha unaona inchi imelala sawa kabisa, hakuna kilima hata moja, miti ya pomu mustari kwa mustari, kondoo, mifereji, na kila fasi digi, ile ukuta mrefu ya udongo na mawe yenye inazuia bahari isiingie. Ile inchi yote zamani ilikuwa visiwa. Wameviunga moja moja na digi mpaka leo unafika na treni bila kujua kama uko unapanda kisiwa.

Middelburg yenyewe ni mji mudogo, unamaliza katikati yake kwa miguu bila kuchoka. Kuna ofisi ya mji ya zamani, ya mawe, walianza kuijenga mu 1452, imejaa sanamu mbele, nzuri sana, na leo wanafunzi wa chuo kikuu njo wanasomea ndani. Tarehe 17/5/1940 katikati ya mji iliwaka moto mu vita ya Wajerumani, ofisi ile iliungua, na wakaijenga tena kama ilivyokuwa. Unaweza kupita pale na usijue kitu. Alhamisi kuna soko mbele yake, samaki, jibini, maua, nguo, ukitaka kuona watu wa mji wenyewe na siyo watalii, uende siku ile. Halafu kuna abeyi ya zamani na mnara wake, wanauita Lange Jan, uko na mita kama 90 na ngazi 207. Panda. Kule juu unaona kisiwa chote cha Walcheren, bahari pande zote, na unaelewa palepale kama hawa watu wanakaa chini kuliko mayi, inategemea tu na ile digi.

Sasa kuna kitu mu ule mji chenye mutu mweusi hawezi kupita bila kusimama. Mu 1720 matajiri wa Middelburg waliunda kampuni ya meli, Middelburgsche Commercie Compagnie, na ile kampuni ilifanya safari 113 za kununua watu Afrika na kuwauzisha ng'ambo ya bahari. Meli za Waholanzi zilishuka mpaka pwani ya Loango, karibu na fasi mto Kongo inaingiliaka mu bahari, kwa hiyo kuna damu yetu mu ile hesabu. Na waliandika kila kitu. Meli gani, kapiteni gani, watu wangapi waliingizwa, wangapi walikufa njiani, nguo ngapi na baruti ngapi zililipwa juu ya mutu moja. Ile karatasi yote ingali pale Middelburg, ku Zeeuws Archief, na UNESCO waliiweka mu 2011 kwa orodha ya kumbukumbu ya dunia. Nyingi wamezipiga foto, unazisoma ku intaneti. Niliona ukurasa moja yenye mwandiko mzuri kabisa, herufi zimepangwa, mistari imenyooka, na kile kimeandikwa ni watu, kila mustari. Nilisimama pale muda mrefu, mama mudogo akanishika mukono, akasema tu, "Soma, mama, soma yote, wenyewe hawakupata wa kuwasomea."

Uwanja wenye unaitwa Balans, karibu na abeyi, kuna kumbusho ya utumwa toka 2005. Siyo kubwa, watu wanapita na kinga pembeni. Nasema uende. Uholanzi ilikomesha utumwa mu sheria tarehe 1/7/1863, na ilikuja kuomba musamaha juzi juzi tu, waziri mukuu wa wakati ule, Mark Rutte, tarehe 19/12/2022, na mufalme Willem-Alexander tarehe 1/7/2023. Kuna wenye watasema musamaha bila malipo ni maneno. Mimi naheshimu ile mawazo, lakini naheshimu tena mji wenye haukuficha karatasi zake. Sisi wenyewe, archive zetu ziko fasi gani? Nani anazichunga?

Vlissingen ni karibu sana, treni ni dakika kidogo, na kinga pia inafika bila shida. Kule ukae ku barabara ya pembeni ya bahari. Utaona kitu sijaona fasi ingine: meli kubwa kama mitaa mizima ikipita mbele yako karibu kabisa, unasoma jina, unaona mutu anatembea juu. Ni juu mulango wa mto Schelde njo njia ya kwenda bandari ya Antwerpen, na ile njia inapitia mayi ya Uholanzi, karibu na ule ukuta. Kuna maboti madogo yenye yanabeba wale wenye wanajua njia, yanakimbia kando ya meli, mutu anapanda na ngazi ya kamba meli ikiwa inatembea, kazi ya kutisha. Mama mudogo ameishi Antwerpen miaka mingi, na njo yeye aliniambia niangalie vizuri, juu kila meli yenye ilitoka Matadi kwenda Antwerpen, na pembe za tembo, na mpira, na shaba ya Katanga, ilipita hapa. Na wazungu wengi wenye walikuja kwetu walitokea hapa pia. Nilikuwa nasoma ile historia ku shule bila kuona njia yake. Hapo nikaiona, mayi ya kijivu, siyo hata pana sana.

Bahari yenyewe, ya kutembea na kuoga, uende Domburg ao Zoutelande ao Westkapelle. Tulichukua kinga Middelburg, na nawaambia kinga kule ni kitu ingine: kuna njia yake peke yake, na kila njia panda kuna kibao chenye namba, unaandika namba zako ku karatasi asubuhi, unafuata moja kisha ingine, hautapotea. Hakuna moto inakusukuma nyuma, hakuna taxi-moto inakukata mbele. Adui ni upepo. Wakati unaenda inakusukuma unafurahi, wakati unarudi inakupiga uso, kwa hiyo kama hauna miguu ya nguvu, lipa kidogo zaidi uchukue ya umeme. Domburg kuna muchanga safi, na nguzo za miti zimesimikwa mistari mistari kuingia mu bahari ili ivunje nguvu ya mawimbi, foto zinatoka nzuri sana jioni. Mayi ni baridi, hata mwezi wa saba, niliingiza miguu nikatoka. Nilijifunga kikwembe juu ya jaketi juu ya ile upepo, na mama moja wa kizungu akaniuliza nilikinunua wapi, nikamwambia Bukavu, ku soko ya Nyawera, tukaongea kwa ishara na telefone mpaka tukacheka wote.

Westkapelle haina uzuri ya Domburg lakini iko na digi kubwa yenye unatembea juu yake, na pale kuna tanki ya vita imesimamishwa. Tarehe 3/10/1944 ndege za Waingereza na wenzao zilipiga ile digi makusudi, ili bahari iingie ifukuze Wajerumani ku kisiwa, juu bila kushika ule mulango wa Schelde bandari ya Antwerpen haikuwa na kazi. Watu wengi wa kijiji walikufa na mabomu ya wenye walikuja kuwakomboa. Walcheren ilikaa na mayi ya chumvi mpaka mwaka uliofuata. Sisi wa Kivu tunaelewa hiyo bila kufasiriwa.

Chakula. Hapa Zeeland ni kome, wale wa ganda nyeusi, wanatoka mu mayi ya hapo hapo na wanauzwa Yerseke. Wanakuletea chungu moja kwa mutu, imefunikwa, ukifungua mvuke inapanda na harufu ya seleri na kitunguu na poro, kando friti na mayoneze. Usitumie kanya. Unakula wa kwanza, kisha ile ganda yake ya wazi unaishika na vidole viwili, inafunga na kufungua, na njo unavutia nayo nyama ya wengine, moja moja, unatupa ganda mu kifuniko, na mukikaa wengi ku meza mukono inajua kazi peke yake kama wakati tunakula sambaza ya kukaanga. Wakati yao ni kuanzia karibu mwezi wa saba mpaka mwezi wa ine, ukienda mwezi wa tano utakula wenye walitoka mbali, siyo mbaya lakini siyo wale. Nilikunywa na ile supu ya chini na kijiko. Naipatia 18 juu ya 20, na mbili nilizikata ni juu ya bugali, bugali haikuwako.

Kuna tena mukate wao wa sukari, bolus, umezungushwa, uko na mudalasini na sukari ya kahawia yenye imeyeyuka mpaka inashika vidole. Wenyeji wanaugeuza wanapaka siagi upande wa chini. Ufanye vile.

Kitu ya kulalamika iko, siwezi kuficha. Resto moja ya pembeni ya bahari ilituachia tumekaa mpaka jua ikazama, wenye walikuja nyuma yetu wakahudumiwa, na kisha wakatuambia jiko inafungwa, tuchague haraka. Mama mudogo aliwaambia maneno yao mu Kiholanzi, taratibu, wakaomba musamaha. Kule wanafunga jiko mapema, kwa hiyo usingojee kula saa mbili ya usiku kama nyumbani, fika saa kumi na mbili. Mayi ya kunywa ya chupa unalipa na ni bei, choo mingi unalipa, na fasi nyingi hawakubali tena feza ya mukono, ni karte tu. Kifaransa haikusaidie sana, hata kama Ubelgiji iko karibu, tumia Kiingereza kidogo ao telefone itafasiri. Ukiwa na binamu mwenye anajua Kiflemi, ile Kiholanzi ya Ubelgiji, umuchukue, umulipie tiké, atakurudishia mu faida.

Sasa nifike ku siku ya gari, yenye njo sababu kubwa ya haya maneno yote.

Kutoka Middelburg unapanda kaskazini unafika ku baraji ya Oosterschelde. Ni kilomita 9 juu ya mulango wa bahari, na barabara inapita juu yake. Kuna nguzo 65 za betoni, na kati yao milango 62 ya chuma. Milango inakaa wazi. Bahari inapandaka na kushuka mara mbili kwa siku, na ukisimama juu wakati inashuka unaona kwa macho mayi ya upande moja iko juu kuliko ya upande ingine, inapita kati ya nguzo na nguvu, inazunguka, inatoa povu nyeupe, na sauti inakuingia mu kifua. Wakati wanatabiri mayi itapanda mita 3 juu ya kipimo cha kawaida, milango yote inashushwa. Malkia Beatrix aliifungua tarehe 4/10/1986.

Mwanzo, nyuma ya mafuriko ya 1953 yenye nitasema hapa chini, leta ilitaka kufunga ule mulango kabisa, digi ya kawaida, basi. Wavuvi wakakataa. Wale wa kome na wale wa oyster walisema mukifunga, chumvi inaisha, sisi tumekufa, na watu wa kuchunga mazingira wakasimama nao, na mu miaka ya 1970 leta ikakubali kubadilisha kila kitu, ikalipa feza mingi zaidi ili kujenga ile ya kufungua na kufunga. Ile chungu ya kome yenye nilikula iko pale juu ya wale wavuvi. Mimi nilifikiria baraji yetu ya Ruzizi, ginsi plastiki inakuja na mvua inaziba mashini mpaka mji mzima unalala giza, na wavuvi wetu wa ziwa, ni nani aliwauliza siku moja?

Pale katikati ya baraji kuna kisiwa chenye walitengeneza na mikono, Neeltje Jans, na ndani yake bustani ya kutembelea, ya kulipa. Nusu ni ya batoto, mayi ya kuteleza, foka wa kuangalia, kama uko na batoto watafurahi sana. Kama uko peke yako, pita haraka, uende moja kwa moja fasi wanakuingiza ndani ya baraji yenyewe chini ya barabara, ile sehemu inastahili feza.

Lakini kama uko na feza ya tiké moja tu, uipeleke Ouwerkerk, ku kisiwa cha Schouwen-Duiveland, ku Watersnoodmuseum, muze ya mafuriko. Usiku wa tarehe 31/1 kuamkia 1/2/1953 upepo mukali wa kaskazini-magharibi ulikutana na bahari yenye ilikuwa imejaa kupita siku zingine, na digi zenye zilikuwa fupi na za zamani zikavunjika. Redio ya taifa haikuwa inasema usiku, kwa hiyo wenye walijua hatari hawakuwa na njia ya kuamsha wenye walilala. Simu zilikatika. Zierikzee kijana moja alitengeneza mwenyewe redio ya kutuma sauti ili inchi ijue kama watu wanakufa. Watu 1,836 waliangamia mu Uholanzi. Tundu ya mwisho mu digi ilizibwa pale Ouwerkerk mwezi wa 11 mwaka ule ule, na maboksi makubwa mane ya betoni, na muze iko ndani ya yale maboksi yenyewe. Unatoka mu moja unaingia mu ingine: ya kwanza ilitokea namna gani, ya pili watu, ya tatu kujenga tena, ya mwisho kesho.

Mu ile ya watu wameandika majina ya wote. Wote. Na wa mwisho mu hesabu ni mutoto mwenye alizaliwa usiku ule na mayi ikamubeba mbele ya kupata jina.

Tarehe 4/5/2023 mvua ilishuka Kalehe, kwetu Kivu, ilikuwa siku ya soko, matope ikachukua vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, zaidi ya watu 400 walizikwa na wengine wengi hawakuonekana. Niko na watu wangu mule. Nilitafuta mu kichwa fasi gani majina yao imeandikwa, nikakosa. Waholanzi mbele mwezi haujaisha walikuwa wameweka tume ya kusema watafanya nini, na ile kazi ya digi na baraji ilichukua zaidi ya miaka 40, serikali zikabadilika, kazi haikusimama. Sisemi tuko na feza kama yao. Nasema orodha ya majina haiombe feza mingi, na kengele ya kuonya bonde wakati mvua inazidi haiombe betoni ya kilomita 9. Kama uko mu chama, mu parokia, mu ofisi ya leta Bukavu ao Kalehe, na siku moja umepata safari ya Bulaya, nakuomba uingie mule, uchukue foto za ginsi walipanga, urudi nazo.

Kwenda ku muze mupitie Zeelandbrug, daraja ya mita 5,022, ya 1965, inavuka ile ile Oosterschelde, na wakati wa kurudi, mukiwa na muda, mushuke Veere kunywa kahawa ku bandari yake ndogo. Bila gari, kwenda Neeltje Jans kuna basi kutoka Middelburg, lakini Ouwerkerk ni kijiji, utahangaika, tafuta mwenye gari mugawane mafuta. Anzeni na muze asubuhi, baraji mchana, na muangalie ku intaneti mbele ya kutoka, mayi inashuka saa ngapi siku ile, juu ukifika wakati imetulia utaona tu nguzo. Na jaketi ya upepo, hata kama jua inawaka Antwerpen.